Ng'ombe wa Mwita

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, maana mimi ningekuwa mifupa sasa hivi!

Vijana hamjui, lakini jengo hili tunaloabudia hapa Bunda lilikuwaga baa. Lilijengwa mwaka tuliopata Uhuru, na hapo penye mimbari palikuwa na jukwaa la bendi. Mimi nilitoka Mwisenge, Musoma, na gitaa langu, nikawa mwimbaji. Vijiji vya ujamaa vilipoanza, baa ilifunguliwa jioni tu, watu wakishatoka shamba la pamba la kijiji. Ila siku ya mnada wa ng'ombe tulipiga muziki tangu mchana, na mimi nilikuwa nimelewa tangu asubuhi.

Desturi ilikuwa hivi: ukinitunza chupa ya bia, nakutaja jina na kuwasifu ng'ombe wako, rangi na pembe. Ndugu zangu, hao ng'ombe sikuwahi kuwaona! Mtu ana mbuzi wawili, mimi namjazia zizi, naye anacheza amevimba kifua.

Siku moja ya mnada Mwita, mkulima wa pamba wa hapa hapa, akanitunza. Nikamwimbia dume jeusi, baka jeupe jichoni, pembe ya kushoto imevunjika. Watu wakashangilia. Halafu meza moja ikasukumwa. Wakasimama wanaume wanne kutoka Butiama, na mmoja akasema, "Huyo dume ni wangu. Aliibiwaga juzi."

Pombe ikanitoka yote. Nikakumbuka! Asubuhi hao hao walikuwa wakizunguka mnadani wakiulizia dume lao, kwa alama zile zile. Nilisikia, nikasahau, na ulimi wangu ukampa Mwita.

Wakamkamata. Enzi zile mwizi wa ng'ombe hakufikishwa polisi, alimalizwa hapo hapo. Mwita alilia kwamba hana ng'ombe hata mmoja, lakini nani angemwamini baada ya wimbo wangu? Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nikisema kweli, jina langu limekwisha, na wote niliowasifu watanigeukia. Nikaita, "Ee Mungu," neno ambalo nilikuwa sijalitamka tangu tumzike mama. Halafu nikasema, ukumbi mzima ukasikia: "Nimedanganya. Ng'ombe wote niliowaimba humu ni wa uongo."

Hawakuamini! Walidhani namkinga mwizi mwenzangu. Wakatuma wawili kwenda kukagua kwa Mwita, sisi tukakalishwa chini, panga begani kwangu. Dume likionekana, tunakufa wote wawili. Na mimi sikuwa na hakika! Kwa Mwita sikuwahi kufika. Niliomba hovyo hovyo, machozi na kamasi.

Walirudi wakicheka. Zizini walikuta kuku na baiskeli mbovu. Mwenye panga akaliondoa, akanimwagia bia yangu kichwani, wakaenda zao. Huo ndio ubatizo wangu wa kwanza!

Baa ilikuja kufungwa, ikawa ghala la pamba, kisha tukapewa tusalie. Nami nimerudi jukwaa lile lile kumsifu Yule ambaye zizi lake akague anayetaka.

Wewe ambaye uongo wako umemkaba mwenzako, useme leo! Mtegemee Mungu, hatakuacha peke yako na panga. Asante Yesu! Mwita yule pale, benchi la tatu. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Lakini kila Jumapili akinishika mkono ananiuliza, "Ndugu, dume langu hajambo?"