Vikombe Vitatu Bila Jiwe

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulala chali chini ya magari ya watu, Gashe Ayalneh Mesele anastaafu tarehe 30 mwezi wa Sene wa kalenda yetu ya Ethiopia, akiwa fundi breki mkongwe kuliko wote katika gereji yetu ya ushirika hapa Dessie.

Nimeombwa mimi, Tilahun, nimwandikie wasifu kwa kuwa ndimi msimamizi wa gereji. Karatasi nne nimeshazichana. Nikikaa nainuka, nikiinuka naenda dirishani kumtazama. Sababu nitaisema, nikizidi kuichelewesha nitaichana na hii.

Alianza kwa kuosha injini, akahamia kwenye breki, na hapo akakaa. Mji wetu ni mteremko mtupu, na kila dereva ana jiwe lake la kuzuia gurudumu kwenye buti. Gashe, kama tunavyomwita kwa heshima, aliyachukia mawe hayo. "Hilo jiwe lako lina leseni?" aliwauliza madereva, nao wakacheka kwa aibu.

Gari likija na breki ya mkono iliyolegea, halikuondoka mpaka lisimame kwenye mteremko wa getini, bila jiwe, muda wote ambao Bi Zewditu anapika kahawa ya wafanyakazi, vikombe vyote vitatu: abol, tona na baraka. Sisi tulikunywa tumekaa kwenye vigoda. Yeye alikunywa akilizunguka gari, macho kwenye tairi, sukari haijakorogwa.

Mafundi wengi wakiona mkono wa breki unapanda mpaka juu, hukaza nati ya waya na kupokea asante. Gashe huanza kwa kuulegeza waya. Kisha hushuka kwenye kalipa za nyuma, vile vibanio vya pedi, akahakikisha kimkono kinachovutwa na waya kimerudi kabisa mahali pake, akarekebisha pistoni mpaka pedi zikaribie disiki, akakanyaga breki mara kadhaa. Ndipo waya hukazwa, kidogo tu, na gurudumu huzungushwa kwa mkono kusikiliza kama linakwaruza. Kwa uchelewaji huo tulimbandika jina la Gashe Kesho.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku moja kabla ya sikukuu ya hija ya Gishen Mariam, Bwana Wondifraw, muuza nguo, alileta gari lake. Gashe alikuwa msibani. "Kaza tu, wewe! Mama ananisubiri, na Gishen haitatufuata hapa!" akanihimiza. Nikakaza waya, basi. Mkono ukashika vizuri. Kahawa hatukuingoja, na kwa majivuno nikamwambia atupe jiwe lake. Akalitupa.

Jioni, siku moja baada ya sikukuu, alirudi na mama yake, akaegesha mteremkoni upande wa juu wa geti, wakashuka kunywa kahawa. Pedi zilikuwa zimekwaruza disiki njia nzima mpaka zikapata moto. Zilipopoa zikasinyaa, breki ikaachia. Gari likashuka lenyewe, likavunja meza ya kahawa na mguu wa Zewditu. Hadi leo anachechemea.

Kamati ilipouliza nani alitengeneza, niliinama nikaokota vipande vya vikombe. Gashe, aliyekuwa ametoka msibani muda huo huo, akasema, "Breki za gereji hii ni kazi yangu." Kamati ikaishia hapo, wala haikumwita Wondifraw. Mwezi ule alikuwa ateuliwe msimamizi. Cheo wakanipa mimi. Kwangu alisema neno moja tu: "Kesho uanze kwenye kalipa." Hakulitaja tena jambo lile, na mimi nimekaa kwenye kiti chake miaka kumi na moja bila kutulia hata siku moja.

Wasifu huu utasomwa getini, Zewditu akimimina abol. Dada Zewditu, mkono uliokaza waya ule ni wangu. Nakuomba radhi mbele ya wote, na kamati ifanye itakaloona ni haki.

Gashe, asante kwa kila gari lililobaki pale lilipoachwa. Afya iwe nawe, wajukuu wakuchoshe, na nyumba yako isikose kahawa. Leo tumeegesha gari la mwisho ulilotengeneza kwenye mteremko, bila jiwe. Tafadhali kaa kwenye kigoda, koroga sukari yako, unywe vikombe vyote vitatu. Kulizunguka, nitalizunguka mimi.