Daktari Recheli Zablon: Miaka Thelathini na Moja Kati ya Pumu na Matumaini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Daktari Recheli Zablon anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Tabora kwa miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo katika kliniki ya pumu. Alituomba tusimpambe kwa maneno. Tumejitahidi.

Ni mzaliwa wa Puge, Nzega, binti wa wakulima Wamoraviani. Alipoanza kazi, kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, na msimu wa kukausha tumbaku foleni ilifika uani. Alikuwa mkali kwa wavuta sigara, mpole kwa watoto. Vikaoni alisinzia, ingawa ukimwamsha alijibu swali sawasawa.

Miaka tisa iliyopita alikwenda Dar es Salaam kushirikiana na watafiti wa tiba ya jeni. Kwa mwenye pumu ya mzio, vumbi kidogo tu huufanya mwili utoe ishara kupita kiasi, njia za hewa zikavimba na kujaa makamasi. Watafiti walitumia virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuambukiza ugonjwa, vipeleke maelekezo ndani ya mapafu ili jeni inayochochea ishara hizo inyamazishwe. Kwa panya wa maabara, uvimbe ulipungua. Kwa binadamu, hawakufika. Ufadhili ulikwisha, Daktari akarudi Tabora amekonda.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Batuli, muuza vitenge wa sokoni ambaye pumu yake ilikuwa imeshinda dawa nyingi, alimfuata kliniki.

"Daktari, nijaribuni mimi. Nimechoka kuishi kwa kuhema."

"Bado, dada Batuli. Sijui itakufanya nini, na siwezi kujifunzia kwenye mapafu yako."

Batuli aliondoka na hasira zake. Akanunua chupa kwa mtu aliyedai anauza dawa ya jeni, akaiacha pampu yake ya kuvuta dawa kabatini. Mchana mmoja bajaji ilimleta, midomo imebadilika rangi, hawezi kutamka hata jina lake. Daktari alikuwa likizo. Tulimpigia simu, akaja na ndala miguuni, akamhudumia, kisha akakaa kando ya kitanda mpaka pumzi ikatulia.

"Utanigombeza?" Batuli aliuliza, sauti haijarudi vizuri.

"Sina nguvu hizo. Wewe vuta pumzi tu."

Kisha akatoka nje, akalia. Sisi wauguzi tulimwona.

Tangu hapo, kila siku ya kliniki alianza kwa kuwaeleza wagonjwa kipi kimethibitika na kipi hakijathibitika, na Batuli akisimama naye kusimulia yaliyompata. Si wote waliosikia. Mwaka juzi tulimzika Ambrosi, seremala wa Bukene, aliyeacha dawa akiisubiri tiba mpya. Daktari alirudi kutoka mazishini kwa treni, na kesho yake akafungua kliniki.

Madaktari vijana humuuliza kama tiba hiyo itafika. Huwajibu kwamba anaamini itafika, ila mgonjwa wa leo anatibiwa kwa dawa iliyopo. Kliniki amemkabidhi Daktari Abdulatifu, na wagonjwa wameanza kumzoea.

Daktari Recheli, asante kwa yote, hata kwa yale yaliyokuchosha. Kazi nyingine hatukutakii. Tunakutakia usingizi mnono huko Puge, na simu iliyozimwa.

Dafrosa Nikolaus, muuguzi, kwa niaba ya wenzake