Mama Kabula na Maua ya Jana

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Kabula Masunga, fundi sanifu wa maabara yetu ya mbegu hapa Bariadi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mimi, mkuu wake, nimeomba niandike mwenyewe maneno haya ya kumuaga.

Kazi yake ilikuwa kufunga lebo yenye tarehe kwenye ua la pamba asubuhi linapochanua, kisha kuchuma tunda changa kwa siku tuliyopanga. Maana mbegu haiamshi jeni zake zote kwa mpigo. Zinaanza za kukuza nyuzi. Hizo zikitulizwa, za kuweka mafuta zinashika zamu. Siku ikikosewa, majibu nayo yanaharibika.

Alikuwa mkali kwelikweli. Soda zetu alizitoa kwenye jokofu la sampuli bila kuuliza ni za nani, na mgeni rasmi mmoja alitimuliwa shambani kwa kuchuma ua na kulichomeka kwenye koti.

Februari 2018 alikwenda Malampaka, harusini kwa binti wa kaka yake. Ruhusa ilikuwa ya siku moja. Ngoma ikanoga, zikawa mbili. Aliporudi, maua ya jana yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi, kama ua la pamba lifanyavyo siku ya pili, katikati ya meupe ya leo. Akaona haya, akayafunga yote tarehe moja.

Miezi ikapita. Majibu yakaonyesha jeni za nyuzi zikiamka mara mbili, nami, nikidhani tumegundua jambo jipya, nikatembea kifua mbele. Nilikuwa niyasome Morogoro mbele ya wataalamu. Kwenye kikao cha kupongezana hapa maabara kabla ya safari, keki imeshakatwa, Mama Kabula akasimama, akasema lebo zile si za kweli, maua ya siku mbili kayafunga yeye tarehe moja, tufute kila kitu. Alijua barua yake ya kupandishwa cheo iko mezani kwangu.

Tulifuta, tukapanda upya. Safari hii jeni ziliamka mara moja tu, na hayo ndiyo majibu tunayojivunia. Siku hizi mafundi wetu vijana, Gloria na wenzake, hawalifungi lebo ua la waridi hata uwabembeleze.

Lakini ile barua niliitia kwenye droo kwa hasira, ikakaa miaka miwili. Hukuuliza hata siku moja, Mama. Kapumzike salama nyumbani kwako Migato, Mungu akujalie afya na wajukuu wenye heshima. Wewe kosa lako ulilisema mbele ya watu wote. Langu nalisema leo: nisamehe.

Salvatory Shigela
Mkuu wa Maabara