Bi. Demetria na Ethi Iliyobaki Kwenye Plagi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na sita, Bi. Demetria Kokwijuka anastaafu kazi ya fundi umeme katika kituo chetu cha muziki hapa Tabata. Alitukuta tuna spika mbili na jenereta la kuazima. Anatuacha na studio tatu.

Wapya humwogopa kwanza. Akikuta soketi moja imebebeshwa ekstensheni tatu, anachomoa zote na kwenda kunywa chai.

Wa zamani wanakumbuka zaidi ile sinthesaiza ya Mwalimu Muhsin. Ni mashine ya vipande vingi, kila kimoja na sauti yake, vinavyounganishwa kwa nyaya fupi. Ilikua hadi ikahitaji pawasaplai tatu, yaani visanduku vya kuilisha umeme, na hapo ikaanza kuunguruma. Siku moja kabla ya onesho la Mabibo, Muhsin akakata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye plagi mbili. Muungurumo ukaisha, tukampigia makofi.

Bi. Demetria akazichomoa.

“Mama, onesho ni kesho,” Muhsin alilalamika. “Sauti imetulia. Unataka nini tena?”

“Nataka keshokutwa nikukute kazini, mwanangu.”

Muhsin alinuna mchana kutwa. Bi. Demetria akarudisha ethi kwenye kila plagi, kisha akakuta kwamba umeme wa pawasaplai zote ulikuwa ukirudi kwa kupitia nyaya nyembamba za sauti. Akaupa njia yake: waya mnene kutoka kila pawasaplai, zote zikikutana kwenye kipande kimoja cha shaba. Nyaya za chanya hakuziunganisha. Kila pawasaplai ilibaki na mzigo wake. Muungurumo ukapungua, ila haukuisha kabisa. Muhsin akazidi kununa.

Kesho yake, katikati ya onesho, breka ya ukumbi ikakata. Giza, kisha miluzi ya kuzomea. Muhsin alikuwa ameshika mashine kwa mikono yote miwili. Bi. Demetria alipofungua pawasaplai kongwe kati ya zile tatu, aliona waya wa umeme umechomoka njiani tulipokuwa tukiisafirisha, na umelala kwenye kasha lake la chuma. Ilikuwa mojawapo ya zile zilizokatwa ethi. Bila ethi ile aliyoirudisha, breka isingekata, na umeme ungepita mwilini mwa Muhsin.

Muhsin alitazama ule waya, akakaa chini jukwaani. Baadaye akasema, “Mama, nisamehe.”

“Shika tochi,” akamjibu. “Watu wanasubiri.”

Onesho liliendelea, na likaisha salama.

Bi. Demetria, umewafundisha mafundi wetu wote, na hakuna mwanamuziki aliyeumizwa na umeme mikononi mwako. Tunakushukuru kwa dhati. Tunakuombea afya, na maisha matulivu kule Segerea.

Na kwako Mzee Gregori, uliyezoea kula peke yako kila tulipokuwa na onesho: mkeo huyo, tunamrudisha. Leo anakula nyumbani, chakula kikiwa bado cha moto.