Pini Siitoi: Safari ya Bi. Odessa Pettaway

Mchungaji Bascomb, waombolezaji, na akina dada wa Lambda Psi mliokuja na mavazi yenu meupe, mimi ni Lorenzo, mtoto wa kaka yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yetu, Bi. Odessa Mae Pettaway.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 hapa Sawyer Bend, Alabama, mtoto wa tatu wa Mzee Cleophus na Bi. Idella Grubbs, waliolima pamba katika shamba lisilo lao, akasoma mpaka sekondari, na mwaka 1954 akaingia Chuo cha Tolliver, ambako tarehe 12 Novemba 1955 alikula kiapo cha Lambda Psi, chama cha udada cha wanawake wa vyuoni, kiapo ambacho kwetu hakiishi siku ya mahafali, mtu huenda nacho kaburini.

Alifundisha hesabu hapa mjini hadi alipostaafu mwaka 1996, aliolewa na Bw. Harlan Pettaway tarehe 4 Juni 1960, wakajaliwa Yolanda na Curtis, na kila uchaguzi aliwabeba wazee kwa gari lake wakapige kura, hata mwaka ule alipovunjiwa vioo vya gari na wasiotaka watu weusi wapige kura.

Oktoba 1986, akiwa mlezi wa tawi la chuoni, alipata habari kwamba binti aliyekuwa akijiunga, Denitra Sykes, amepigwa na waliomtangulia katika majaribio ya kumwingiza chamani hadi akavunjika mkono. Wenzake wakamsihi, "Odessa, ya dada huishia kwa dada." Akawajibu, "Dada gani anayemvunja mtoto mkono?" Akaenda mwenyewe kushtaki makao makuu, na tawi likafungwa miaka mitano.

Basi akina dada wakampa kisogo. Bi. Lucille Vann, shoga yake tangu chuoni, alimtaka mlangoni pa kanisa hili hili arudishe pini ya udada, ile beji ya kifuani anayopewa kila aliyeapa.

"Pini siitoi, Lucille. Niliapa maisha yangu yote, sikuapa mpaka mtakaponikasirikia."

Hakukosa mkutano hata mmoja wa tawi la wahitimu hapa mjini, akikaa peke yake, akipeleka pai ya viazi vitamu ambayo hakuna aliyeigusa, tukafaidi sisi nyumbani.

Mwaka 1991 Denitra, ambaye sasa alikuwa muuguzi, aliomba kujiunga na tawi hilo la wahitimu, na alipoulizwa nani anamdhamini, akasema, "Mama Pettaway. Kama si yeye, sijiungi." Bi. Lucille akainuka na sahani yake, akaenda hadi mezani kwa shangazi, akasema, "Haya, Odessa, nikatie hiyo pai."

Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi kilichomnyima kauli, akina dada wakagawana siku za kumuuguza, na mchana wa tarehe 3 Februari 2024, wakiwa wamemzunguka wakiimba wimbo wao, midomo yake ilifuata maneno mpaka ubeti wa pili, akatutoka.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mabinti wa udada wasiohesabika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika bila kuombwa, walimu wenzake, na wewe Bi. Lucille, uliyemlisha kwa kijiko huku ukimtania kwamba safari hii hana pa kukimbilia.

Shangazi, ulisimama vya kutosha. Sasa lala, upumzike kwa amani.