Keki ya Breki

Leo ni Krismasi, nimealikwa kwa Breki, shati nimeshapiga pasi, na bado nimekaa kitandani kwa hasira. Wa kulaumiwa ni kijiwe chetu cha Nangara, lile benchi lililo mkabala na mashine ya kusaga, ambapo Bushiri huleta birika lake la kahawa kila jioni. Wateja wa kudumu ni wanne. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sentimita. Melkiori, muuza mitumba, tunamwita Shahidi, maana hakuna jambo lililotokea duniani yeye asiwepo. Simon tunamwita Diwani, cheo alichowaomba wananchi mara mbili wakamnyima mara mbili. Na Breki ni Teodori, aliyeendesha malori ya ngano kutoka Basotu mpaka akastaafu bila kugonga hata kuku. Wote tuna wajukuu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani hii ni habari ya vijana wahuni.

Jana jioni Breki alikuja amenuna, anachechemea, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa. Hakusalimia. Alilitua sinia katikati ya benchi, akafunua.

— Tazameni wenyewe mke wangu anachotaka kunilisha kesho mbele ya wakwe.

Ilikuwa keki. Nyeusi kidogo pembeni, nzito, na harufu yake ya mdalasini, iliki na karafuu ilimfanya Bushiri aache kumimina.

Sasa ni lazima nieleze, maana bila hili hutaelewa. Kwetu hapa keki ya sikukuu mtu hajikatii tu akala, analishwa. Mama wa nyumba anakata, anamlisha baba mbele ya watu wote, kisha wageni wanapanga mstari, kila mmoja analisha na kulishwa, na ukiukataa mkono wa mtu umemtukana. Mwaka jana Breki alilishwa na ukoo mzima, hakukataa hata mkono mmoja, na huku kisukari anacho. Alfajiri walimbeba kumkimbiza hospitali, na kidonda alichokuwa nacho mguuni kikaishia kwa kukatwa vidole. Ndiyo maana anachechemea. Ndiyo maana pia mkewe, Mama Goodness, aliapa kwamba mwaka huu ngano na sukari haviingii kwenye keki ya nyumba ile.

Breki alitueleza yote kwa ghadhabu, kama mtu aliyeibiwa. Mama Goodness alipata lozi, zile karanga ndefu za bei mbaya ambazo hapa Babati huzioni dukani. Akazipeleka mashineni, mwenye mashine akakataa, akasema zina mafuta, zitaziba chekeche lake. Basi akazitwanga kwenye kinu, akachekecha, akatwanga tena, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Akavunja mayai ya kuku wake wote, akatia siagi, viungo, na poda kidogo ya utamu wa wagonjwa wa sukari. Akaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na hakuondoka pale maana unga wa lozi ukiuachia dakika unaungua.

— Nimemwambia oka ya ngano, mimi nitajua nitakavyofanya, hasikii, alisema Breki. Kaenda kupamba kanisa, nami nikaibeba.

Hapo mtu mwenye akili angemwambia arudishe sinia nyumbani. Sisi tukavuta vikombe karibu.

Shahidi ndiye aliyeanza. Alisema lozi anazijua, aliwahi kuwaona wazungu kule hifadhini wakizila mchana kutwa badala ya nyama, na ndiyo maana mwanamume wa kizungu ukimwegemea anayumba. Diwani akadakia kwamba jambo hili ni kubwa kuliko Breki. Ngano inalimwa hapo Hanang', malori yanapita tunayaona, halafu mwananchi anaoka keki ya lozi za nje? Hiyo ni hujuma kwa mkoa. Mkoa wenyewe tumepewa juzi juzi tu, alisema, hata rangi ya ofisi haijachuja, na tayari watu wanauhujumu kwa keki.

Nilimwambia Diwani aache upuuzi. Akanijibu kwamba fundi cherehani aongee habari za pindo. Nikanyanyuka, Bushiri akanishika, nikakaa.

Breki hakuwa anasikiliza hayo. Alikuwa anaitazama keki, na ndipo likatoka lile lililokuwa linamkaba. Wakwe wanaokuja ni wazazi wa Praygod, kijana wa Mbulu aliyemuoa binti yake Goodness mwaka huu. Hawajui kama Breki ana kisukari. Wakiona analishwa keki ya namna hii watauliza, wataambiwa, na watasema ugonjwa uko kwenye damu, tumeoa mgonjwa.

— Binti yangu ataanza kuhesabiwa vijiko vya sukari kwenye nyumba ya watu, alisema. Kwa ajili yangu mimi.

Tungenyamaza hapo, leo nisingekuwa na hasira. Lakini Shahidi akasema alishawahi kushuhudia ndoa ikivunjika Sigino kwa sababu ya baba mkwe kukataa pilau, na yule bibi arusi alirudishwa na masufuria yake. Diwani akaongeza kwamba kisheria wakwe wanaweza kudai hata ng'ombe wao. Breki uso ukamparama. Na mimi, badala ya kuwafunga midomo, nikasema labda hata haifanani na keki ukiila, labda hakuna atakayejua ni keki.

— Basi tuonje, alisema Diwani. Hatuwezi kuihukumu bila ushahidi.

Bushiri akatoa kisu chake cha kukatia tangawizi. Breki akageuza uso, akasema tule tuimalize, yeye hataigusa.

Tukaonja. Diwani akatafuna taratibu, akatangaza kwamba hii si keki, keki lazima ichambuke. Akakata kipande kingine ili ahakikishe. Shahidi akasema ina ladha ya dawa ya kikohozi, akala kipande cha pili, akasema hapana, ni cha tatu ndicho kinachoonyesha. Mimi nilikula huku nawagombeza. Ilikuwa tamu, lazima niseme, tamu ya kutulia, tangawizi inakuja nyuma, na kwa kahawa chungu ya Bushiri ilikwenda vizuri mno. Hakuna aliyelisema hilo. Tulikuwa na hasira kwa niaba ya Breki, na kila tulipoikasirikia keki tulikata tena. Hata Bushiri, ambaye Krismasi si sikukuu yake, alikata.

Tulipoinua macho Mama Goodness alikuwa amesimama mbele yetu, kitenge kimejaa majani ya ule msonobari wa kupambia kanisa.

— Shikamooni, alisema.

Tuliitikia marahaba kwa midomo iliyojaa. Aliangalia sinia. Lilikuwa na makombo na kisu. Nilimtegemea apige kelele, na ningeshukuru, maana ukigombezwa unapata la kujibu. Hakupiga.

— Baba Goodness, wewe umeionja?

Breki akatikisa kichwa. Akaanza kusema habari ya wakwe, aibu, damu, Goodness. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

— Lozi hizi amenitumia mama yake Praygod, alisema. Na kunielekeza namna ya kuoka ni yeye. Mumewe anacho kisukari tangu kabla yako. Alitaka mlishwe pamoja, keki moja, mbele ya watu, asiwepo wa kuona aibu peke yake.

Hakuna aliyetafuna. Mimi nilikuwa na kipande shavuni na sikujua nikimeze au nikiteme.

— Wanaingia na basi la asubuhi, alisema. Nitawalisha nini?

Alituuliza wote. Alimtazama Diwani, mwenye jibu la kila kitu tangu nimfahamu, na Diwani akainua kikombe kitupu akanywa. Shahidi kwa mara ya kwanza hakuwa ameona chochote. Bushiri aliinamisha birika amtilie mama wa watu japo kahawa, yakatoka machicha.

Mama Goodness aliinama kuchukua sinia lake. Breki akalishika upande wa pili. Alilowesha kidole, akakusanya makombo yaliyokuwa pembeni, machache, hayakufika hata kijiko, akayapeleka mdomoni. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaokota tena, safari hii hakula, akanyoosha mkono wake kwa mkewe.

Mama Goodness aliutazama ule mkono, akaukataa.