Kopo la Dadu Linamruka Seneta

Benchi liko nje ya duka la vyuma la Ostmeyer, mjini Pruett, magharibi ya Kansas, pale kona ambapo taa ya barabarani huwaka njano mwaka mzima kwa kukosa magari ya kuyaamulia. Kila asubuhi Verla wa mkahawa wa jirani huleta birika la kahawa, na wenye benchi huzungusha kopo la dadu: atakayetupa namba ndogo kuliko wote huwalipia wote, na juu ya hayo huchekwa. Katikati ya benchi hukaa Wendell Krause. Miaka ishirini na miwili alikuwa seneta wa jimbo, na dadu hakuzigusa, kwani sheria ilimkataza mbunge kupokea hata kikombe cha kahawa cha mpiga kura. Sheria hiyo aliitunga yeye. Lakini kura zilimwangusha mwaka jana, sheria haimhusu tena, na sasa mtama unavunwa. Kopo bado linapita juu ya magoti yake kama treni isiyosimama kituo kidogo. Naye, aliyeomba kura nyumba kwa nyumba, ameshindwa kuomba kopo.

— Mheshimiwa kaangushwa na boga, alianza Dizeli, dereva wa malori mstaafu, akitikisa dadu.

— Boga gani tena, we mzee?

— Si ule mswada wa boga kuwa tunda rasmi la jimbo? Wenye matikiti wakanuna. Wahenga walishasema, ukipenda boga penda na ua lake. Yeye ua kalisahau!

Krause alitaka kusema kwamba mswada ule aliupinga. Hakuna aliyemgeukia.

— Boga wapi! alidakia Mvua, mkulima anayetabiri mvua kila wiki na hajapatia bado. Kilichommaliza ni Kamati Ndogo ya Uzio. Mtu kamzika mkewe Jumanne, Alhamisi yuko makao makuu anapigia kura seng'enge!

Kura ilikuwa Ijumaa, Krause alikumbuka. Na seng'enge zilishindwa.

— Ndiyo kazi hiyo, bwana. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia machozi au hula?

— Kwa seneta, vyote.

Kinyozi, ambaye kazi yake ndilo jina lake, alishusha kikombe.

— Nyie hamjui kitu. Walikuwa wawili.

— Nani wawili?

— Krause wawili! Mmoja wa kukaa bungeni, mmoja wa kupunga mkono kwenye gwaride. Nimenyoa vichwa vyote viwili, jamani. Visogo haviko sawa.

— Haya, tuliye naye ni yupi?

— Huyu wa akiba.

— Na mwenyewe?

— Bado kikaoni. Hawajaahirisha.

Benchi zima lilicheka. Krause naye alicheka, akachelewa kidogo, kama mtu anayesubiri spika ampe nafasi.

Hapo akatokea Marisol, fundi mpya wa mitambo ya upepo, aliyekuja kununua bolti.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Mvua, akisogea. Kaa, dada. Tupa dadu.

Alitupa kabla hata hajamiminiwa kahawa. Nne na tano. Wakampigia makofi. Dizeli akanyoosha mkono, juu ya magoti ya Krause, kulichukua kopo. Marisol hakuliachia.

— Mbona mnamruka huyu mzee?

— Huyo? Huyo ni Mheshimiwa, dada, alisema Dizeli.

— Sawa. Kwa hiyo mnamruka kwa nini?

Dizeli alimtazama Mvua. Mvua aliangalia mawingu, na safari hii hakutabiri. Krause alifungua kinywa. Kilichomjia ni “kwa mujibu wa kifungu cha nne”, akafunga kinywa.

Marisol alimwekea kopo magotini.

Mlango wa mkahawa ukalia. Verla alitoka, akainua birika, akalitikisa.

— Imekwisha, wazee. Kesho.

Wakainuka wote kwa haraka ya watu waliookolewa. Dizeli alikumbuka lori ambalo hana tena. Marisol alienda kutafuta bolti zake.

Krause alibaki na benchi. Alilitikisa kopo, akazimwaga dadu juu ya ubao.

Moja na moja.

Hakuna namba ndogo kuliko hiyo. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, apate mtu atakayemcheka.